Neno "usanifu" kwenye programu za simu

Juzi Kampala nilikaribishwa kwenye darasa la jioni la vijana wanaojifunza kutengeneza programu za simu, nikalisikia tena neno "usanifu", safari hii kwa kijana mmoja: "Msimbo tumemaliza, mwalimu. Umebaki usanifu tu." Alimaanisha rangi na nembo. Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Mimi nikameza mate.

Kwa kifupi basi: kusanifu programu ni kuamua itafanya nini, itamfaa nani, na mtu atapitia wapi tangu anapoifungua hadi shida yake inapokwisha. Kuiunda ni kuyageuza maamuzi hayo kuwa msimbo, yaani maagizo ambayo simu huyafuata, uwe wa lugha ya Kotlin, Swift au Dart. Hayo yatosha.

Kinachonikera ni undugu wa uongo kati ya maneno. Watu husikia "sanifu" wakadhani ni mtoto wa "sanaa", kwa hiyo msanifu ni msanii, na msanii kazi yake mapambo. Maneno yote mawili tumeyapata kwa Waarabu, lakini mizizi ni mbalimbali. Sanaa ni san'a, kazi ya mikono, ufundi (hata yenyewe haikuanzia kwenye urembo). Sanifu latokana na sannafa: kupanga vitu kwa aina zake, na pia kutunga kitabu. Mtunzi wa kitabu kwa Kiarabu huitwa musannif. Ndiyo maana tuna Kiswahili sanifu, ambacho hakuna anayedhani ni Kiswahili kilichopakwa rangi. Na tuna msanifu majengo, ambaye haitwi siku mwenye nyumba anapohamia.

Najua maneno huhama. "Simu" asili yake ni Kiajemi, maana yake waya, na leo tunaiita hivyo hata ile ya mkononi isiyo na waya wowote. Hakuna aliyeumia. Kuhama kwa "usanifu" kunaumiza.

Kijana yule alinionyesha kazi yao, programu ya akiba ya chama, yaani kikundi cha watu wanaochanga pamoja. Kitufe cha "Tuma" kilikuwa cha zambarau, pembe zimeviringwa, kinapendeza kweli. Nikakibonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena, kama atakavyofanya mama yeyote wa soko la Owino mtandao unapozubaa na wateja wamemsimamia. Kwenye orodha zikatokea shilingi 20,000 mara mbili. Bahati ilikuwa fedha ya majaribio.

Je, kitufe kizimike kikishabonyezwa? Anayesubiri aone nini? Seva, ile kompyuta inayopokea maombi kutoka kwenye simu, itajuaje kwamba ombi la pili ni lile lile la kwanza, si mchango mwingine? Na simu ikizimika katikati, akiiwasha atakuta nini? Maswali hayo ndiyo usanifu. Huulizwa kwa kalamu na karatasi, kabla mtu hajaandika mstari mmoja wa msimbo, na hakuna hata moja linalojibiwa na zambarau.

"Hilo ni kosa la msimbo, mzee," kijana akasema.

Nikamwambia msimbo umetii. Uliagizwa kutuma kila kitufe kinapobonyezwa, ukatuma. Rangi aziite rangi tu, au mwonekano, kama anataka neno la heshima. Na mwalimu akimuuliza kesho usanifu umefika wapi, ajibu kwamba wanauanza leo.