"Kanisa huishi kwa sheria ya Kirumi": maana yake nini?

Katika sheria za Wafranki wa Ribuari, watu wa Kijerumani waliokaa kando ya mto Rhine, zilizoandikwa karne ya 7, kuna kifungu kuhusu mtumwa anayeachwa huru kanisani. Askofu humwagiza shemasi mkuu amwandikie hati, nayo iandikwe kwa sheria ya Kirumi, "ambayo Kanisa huishi kwayo". Kaisari wa mwisho wa Rumi ya magharibi alikuwa ameondolewa tangu mwaka 476, na Wafranki waliokuwa wakitawala walikuwa na sheria zao wenyewe.

Ili kuelewa maneno hayo, tukumbuke kwamba zama hizo sheria ilimfuata mtu na asili yake. Mfranki alihukumiwa Kifranki, Mrumi Kirumi, hata kama ni majirani. Kama vile Kenya leo Waislamu wanavyoweza kupeleka ndoa, talaka na mirathi kwa kadhi. Kanisa lilihesabiwa upande wa Warumi, na lilikuwa na sababu nzito ya kubaki huko. Ni Kaisari Konstantino aliyeruhusu, mwaka 321, watu waliachie Kanisa mali kwa wosia. Kuitupa sheria hiyo kungekuwa kuitupa misingi ya mashamba na majengo yake.

Lakini iliyobaki mikononi mwa maaskofu na watawa haikuwa sheria nzima. Digesta ya Kaisari Justiniani ya mwaka 533, yaani mkusanyo wa maandishi ya wanasheria wa Rumi wa kale, ina vitabu 50, na huko Gallia (Ufaransa ya leo) karibu hakuna aliyeitumia. Kilichonakiliwa sana ni muhtasari uliotolewa mwaka 506 kwa amri ya Alariki II, mfalme wa Wavisigothi: vipande vya Kodeksi ya Theodosius, mkusanyo wa amri za makaisari wa mwaka 438, vingi vikiwa na maelezo mepesi chini yake. Baadaye muhtasari huo nao ulifupishwa tena na tena. Wapo wanaouona huo kuwa uharibifu. Mimi naona ndio uliookoa sheria, kwa sababu kitabu kifupi kinanakilika, kinabebeka, na padri wa kawaida anakielewa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Papa Gregori Mkuu. Kabla ya kuwa mtawa alikuwa mkuu wa jiji la Roma, hivyo sheria aliijua kwa kuitumia. Mwaka 603 alimtuma mjumbe wake Yohane kwenda Hispania, ambako maaskofu wawili, Januarius wa Málaga na Stefano, walikuwa wameondolewa madarakani. Málaga ilikuwa chini ya Kaisari wa Konstantinopoli, kwa hiyo Gregori alimpa Yohane dondoo za sheria za Justiniani, pamoja na mahali pa kuzipata kitabuni. Kuhusu shtaka la uhaini alinukuu Digesta: mwamuzi amtazame mshtakiwa mwenyewe, je, aliweza kulitenda jambo hilo, amewahi kutenda la namna hiyo, alikuwa na akili timamu? Maneno ya wanasheria wa Rumi ya kipagani yakawa ngao ya askofu.

Wasomi nao waliibeba sheria hiyo kwa njia yao. Isidori wa Sevilla, aliyefariki 636, aliweka maana za sheria, desturi na haki ya asili katika kitabu cha tano cha ensaiklopidia yake, na Gratian, msomi wa Bologna, Italia, alipokusanya sheria za Kanisa yapata mwaka 1140, alianza na maana hizohizo. Canterbury, Uingereza, ilikuwa na shule ya Theodoro wa Tarso na Hadriani, mtawa mzaliwa wa Afrika Kaskazini. Mwanafunzi wao Aldhelm aliandika kwamba kuijua sheria ya Kirumi kwahitaji muda mwingi. Karne ya 9, Hincmar, askofu mkuu wa Reims, aliinukuu mara kwa mara katika mabishano yake na wafalme na maaskofu wenzake.

Digesta yenyewe, baada ya barua ya Gregori, karibu haisikiki magharibi hadi mwaka 1076, katika kesi iliyosikilizwa Marturi, Toscana, nchini Italia. Monasteri ilikuwa ikidai ardhi yake, na mdaiwa akasema ameishikilia zaidi ya miaka 40, muda wa kudai umepita. Mahakama ikaifungua Digesta, ikaona kwamba asiyepata hakimu wa kumlalamikia hapotezi haki yake, ikawarudishia watawa haki yao ya kudai.