Kukata ncha za mzabibu: maana yake na sababu zake

Kukata ncha za mzabibu ni kuondoa sehemu ya juu ya machipukizi yanayoendelea kurefuka wakati mti umekwisha kubeba matunda, ili majani yasisongamane na vichala vipate mwanga, hewa na sukari ya kuviivisha. Kazi hii isichanganywe na kupogoa. Kupogoa hukata matawi yaliyokomaa baada ya mavuno, na ndiko kunakoanzisha msimu mpya: katika nchi za baridi hufanyika mti ukiwa umelala bila majani, lakini Dodoma, kitovu cha zabibu hapa nchini, mzabibu haulali, hivyo mkulima huuamsha kwa mkasi na anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Kukata ncha huja katikati ya msimu, chipukizi likiwa bado bichi kiasi cha kuvunjika kwa vidole.

Msomaji wa Tabora ataielewa dhana hii upesi, kwa kuwa ameishi na tumbaku. Mkulima wa Urambo au Sikonge akikata ua la tumbaku, anajua kwamba baada ya siku chache vichipukizi vitachomoza kwenye makwapa ya majani, na asipoving'oa vitalinyonya jani analolitegemea. Mzabibu nao una tabia hiyohiyo. Ncha inayokua hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo huteremka kwenye shina na kuvizuia vichipukizi vya kwapani visiamke; ncha ikikatwa, kizuizi hicho huondoka. Linalotofautiana ni lengo: kwenye tumbaku ua huondolewa kwa faida ya jani, ilhali kwenye mzabibu majani ya juu huondolewa kwa faida ya tunda.

Kwa asili mzabibu ni mmea wa kutambaa, unaopanda miti mingine kuutafuta mwanga, na ukipata maji na mbolea ya kutosha hauoni sababu ya kusimama. Kila jani changa linalotokea nchani huanza kama mlaji: hutumia sukari iliyotengenezwa na majani makubwa, na huanza kurudisha fadhila pale tu linapofikia takribani theluthi moja hadi nusu ya ukubwa wake. Ndiyo maana chipukizi linalokimbia hushindania chakula na kichala kilicho chini yake.

Mwanga nao una hesabu yake. Jani moja la mzabibu huzuia zaidi ya asilimia 90 ya mwanga ambao mmea unaweza kuutumia, kwa hiyo jani la pili lililofunikwa hubakiwa na kidogo sana, na la tatu karibu halipati kitu. Nenda chini ya chanja ya mzabibu wa uani, mtaa wowote wa Tabora mjini, mwezi wa Januari mvua ikiwa imekolea, uinue majani kwa mkono: ndani utakuta majani ya manjano, unyevu usiokauka hadi adhuhuri, na vichala vya kijani vilivyopauka. Zabibu za kivulini namna hiyo huchelewa kupata utamu na rangi, na ukungu huzishambulia kwa urahisi. Hasara nyingine haionekani mwaka huo: macho, yaani vitumba vya kwenye tawi vinavyosubiri kuchipua, yakikulia gizani hutoa vichala vichache msimu unaofuata.

Pamoja na hayo, mkasi una mpaka. Chipukizi lenye vichala viwili huhitaji takribani majani 12 hadi 15 yenye afya ili kuviivisha, na anayekata chini ya hapo huvuna zabibu chachu hata kama jua limewaka kutwa. Wakati mzuri ni baada ya maua kupukutika, punje zikiwa na ukubwa kati ya pilipili manga na mbaazi. Ukikata sana baada ya zabibu kuanza kulainika na kubadili rangi, unaupokonya mti viwanda vyake vya sukari saa ileile unapovihitaji. Tena Tabora si Ulaya: mwanzoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Machi jua la mchana hupita karibu kabisa juu ya vichwa vyetu, na kichala kilichovuliwa majani ghafla huungua, punje zikawa za kahawia na kunyauka. Anayetaka kufungua upenyo ni afadhali atoe majani ya upande wa mashariki, ambako jua la asubuhi ni pole.

Kwa maoni yangu, mzabibu unaodai kukatwa ncha kila wiki haudai mkasi bali kupunguziwa samadi na maji. Pale ambapo kukata kunahitajika kweli, chipukizi hukatwa juu kidogo ya jani lililokomaa, kisha baada ya siku kumi au zaidi mkulima hurudi kutazama makwapa, na kila kichipukizi kilichoamka akakiachia jani moja au mawili tu.