Je, wajua kwa nini serikali ya Marekani humlipa mkulima ambaye mazao yake hayana bima?

Wengi wakisikia kwamba serikali ya Marekani humlipa fidia mkulima ambaye zao lake halina bima, hudhani kwamba mzembe anazawadiwa. Dhana hiyo si ya haki. Mpango wa Wizara ya Kilimo unaofahamika kwa kifupi kama NAP unamlenga mkulima ambaye, hata angeitaka bima, asingepata wa kumkatia.

Bima ya mazao ya serikali kuu, iliyoanza mwaka 1938, huendeshwa kwa kumbukumbu: wastani wa mavuno kwa miaka mingi, bei ya soko, na mara ngapi ukame au baridi kali imeharibu zao katika kaunti husika. Mahindi, soya na ngano vina kumbukumbu hizo tele. Lakini palipo na wakulima wachache tu wa uyoga, jinsengi (mmea wa mizizi ya dawa) au mboga fulani, hakuna takwimu za kutosha kukadiria hatari, na bila makadirio hayo haiwezekani kupanga mchango wa bima ulio sawa. Ndiyo maana zao lile lile huweza kuwa na bima katika kaunti moja na kuikosa katika kaunti jirani. Pengo hilo ndilo lililozibwa na sheria ya mwaka 1994 ya kurekebisha bima ya mazao.

Hata hivyo, malipo hayaji yenyewe. Mkulima hujiandikisha kabla ya janga, ndani ya tarehe iliyowekwa kwa kila zao, na hulipa ada ya dola 325 kwa zao, isiyozidi dola 825 katika kaunti moja. Baadaye hutoa taarifa ya eneo alilopanda na mavuno aliyopata.

Kinga ya msingi ni finyu, na hesabu hudhihirisha hivyo. Tuseme mkulima alitarajia makasha 1,000 ya mboga yenye bei ya dola 10 kila moja, kisha mvua ya mawe ikamwachia makasha 200. Mpango hutazama nusu tu ya matarajio, yaani makasha 500. Hulipia yale 300 yaliyopungua hapo, tena kwa asilimia 55 ya bei. Anapata dola 1,650, ilhali mali iliyopotea ni ya dola 8,000. Aliyepoteza asilimia 45 ya mavuno hapati kitu, jambo ambalo kwangu ni gumu kulitetea. Tangu sheria ya kilimo ya mwaka 2014, mkulima anaweza kununua kinga ya hadi asilimia 65 ya mavuno kwa bei kamili; huyu wetu angepata dola 4,500, baada ya kuchangia takriban dola 341 juu ya ada.

Masharti ya kuripoti hasara nayo ni makali. Kwa kawaida mkulima ana siku 15, lakini kwa mazao yanayovunwa kwa mkono ni saa 72 tu, kwa kuwa mboga iliyoharibika huoza upesi na mkaguzi akichelewa hakuti cha kupima. Wakulima wanaoanza, wenye kipato kidogo na wanajeshi wastaafu husamehewa ada, na mchango wa kinga ya ziada hupunguzwa kwa nusu.