Kabla hujatengeneza mia mbili, leta kimoja kipimwe

Nanenane inakaribia na kama kawaida simu zimeanza kuwa nyingi ofisini, vijana wanauliza kuhusu vifaa vyao vya Bluetooth, wateja nao wanalalamika, kifaa nimenunua hakishiki kwenye simu, betri inaisha siku mbili, jirani anaona joto la banda langu la kuku kwenye simu yake. Safari hii malalamiko yamezidi maswali ndo maana nimeombwa niandike. Mimi ni mhandisi wa vipimo vya redio kwenye ofisi inayoidhinisha vifaa vya mawasiliano hapa Tanzania, hivi vifaa vinapita mezani kwangu kila siku, na niseme mapema kwamba naamini wengi wenu mnafanya kazi nzuri na kwa nia njema kabisa. Ila kuna mambo yanajirudia mno na mengine kwa kweli yanachosha.

La kwanza ni hili la "masafa ya bure". Jamani. Megahezi 2400 hadi 2483.5 ni masafa ambayo mtumiaji haombi leseni ya kuyatumia, basi. Hiyo haimfanyi mtengenezaji au muagizaji aruke kuidhinishiwa kifaa chake. Kwa Tanzania jambo hili liko chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na kifaa cha mawasiliano kinachoingizwa, kinachouzwa au kinachotumika nchini kinatakiwa kiwe kimeidhinishwa, kiwe na miliwati 1 au wati 50. Nimeshaambiwa na mtu mzima, mwenye digrii, kwamba "mhandisi hiki ni kidogo hakimsumbui mtu". Ukubwa wa kasha hauko kwenye sheria. Kwenye masafa hayo kuna Wi-Fi ya majirani wote, kuna spika, kuna hedifoni, kuna hadi jiko la maikrowevu, na wote wanavumiliana kwa sababu kila mmoja ana kiwango chake cha nguvu, kwa kipimo cha Ulaya kile EN 300 328 ambacho tunakutana nacho kila siku kwenye ripoti, mwisho ni miliwati 100 zikihesabiwa pamoja na antena. Sasa wewe ukiongeza amplifaya ili mkulima apate mita mia tatu, umeshatoka nje ya kiwango.

Na hapohapo niseme kuhusu wanaoona Bluetooth haifiki mbali wakahamia moduli za LoRa, yaani vipande vya redio vilivyotengenezwa tayari, vya kurusha taarifa chache kwa umbali mrefu. Angalia namba kabla hujalipa. Zinazouzwa kwa soko la Marekani zinarusha kati ya megahezi 902 na 928, na huku kwetu simu za GSM 900 zinaongea na mnara kwa 890 hadi 915, kwa hiyo kifaa chako kinapiga kelele palepale ambapo mnara unasikilizia simu za watu. Marekani hawana shida hiyo kwa sababu simu zao hazitumii masafa hayo. Muuzaji wa mtandaoni hakwambii hilo, bei ni ileile na picha ni ileile.

Turudi kwenye Bluetooth yenyewe. Nataka niwasimulie kijana mmoja aliyekuja na mashine ya kutotolesha vifaranga, mayai kama sitini, imetengenezwa kwa mbao vizuri sana hadi nilimsifu, na unaiendesha kwa simu. Unaweka joto unalotaka, 37.5, unafunga, unasubiri siku 21. Nikamwomba ruhusa nijaribu kitu. Nikafungua simu yangu mwenyewe, ile programu ya nRF Connect ambayo mtu yeyote anaipakua bure, nikaikuta mashine yake inajitangaza kwa jina, nikagusa, ikaniruhusu kuingia bila kuuliza chochote. Nikaona sehemu ya joto, nikaandika 45. Tukakaa kimya wote wawili tunaiangalia ile skrini ndogo ya mashine ikibadilika kutoka 37.5 kwenda 45 na hita ikawaka. Kijana akaniangalia, akasema "lakini programu yangu ya simu ina paswedi". Paswedi iko kwenye programu ya simu yake! Mashine yenyewe haijui paswedi, mashine inapokea kutoka kwa simu yoyote inayojua kuandika. Mayai sitini yangechemka na mwenye mashine angelaumu umeme.

Hilo kosa nakutana nalo zaidi ya yote kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Kufunga mlango kunafanyika kwenye chipu. Sehemu inayopokea maagizo lazima uiambie ikatae simu ambayo haijaunganishwa kwa siri, na ule muunganisho uwe wa namba 6 ambazo mtu anazisoma kwenye skrini au kwenye stika iliyo ndani ya kasha, na kila kifaa namba yake, sio vyote 123456. Ile njia rahisi ambapo mtu anagusa "unganisha" na imekwisha inaficha mazungumzo yakishaanza, lakini haimthibitishi anayeongea ni nani. Kwa kipimajoto cha kusoma tu sio mbaya, ila kwa kitu kinachowasha hita, kinachofungua kufuli, kinachowasha pikipiki, hapana. Na kama kifaa kinakusanya mambo ya mtu, mapigo ya moyo, mahali alipo, mzunguko wa hedhi, basi unaingia pia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hapo hata kama kifaa kimepita kwetu kwenye redio bado una ofisi nyingine ya kuiona, na Tume ya taarifa binafsi ina uwezo wa kutoza faini inayofika shilingi milioni 100. Ukivuka kwenda Kenya wana sheria yao ya 2019, faini inaweza kufika shilingi milioni 5 za kwao au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, inachukuliwa iliyo ndogo. Nimeandika namba hizi makusudi, watu wakisikia "sheria" tu hawashtuki.

Betri. Mtu anakuja anasema nimetumia teknolojia ya nguvu ndogo na betri inaisha kesho yake, nikiangalia nakuta ametumia HC-05. HC-05 ni Bluetooth ya zamani, ile ya kupeleka herufi kama waya, sio hii ya nguvu ndogo iliyokuja na toleo la 4.0 mwaka 2010, na iPhone haitaongea nayo hata ukeshe. Hilo peke yake ni nusu ya "hakishiki kwenye simu" tunazoletewa. Mwingine ametumia bodi ya ESP32 ya kujifunzia, ameiweka usingizini vizuri kabisa kwenye programu, lakini nikiunganisha mita naona miliampea 8. Chipu imelala, ila kirekebisha umeme cha AMS1117 kilichoko kwenye ile bodi kinakula kama 5 chenyewe, na kile kitaa chekundu kinawaka muda wote. Betri ya CR2032, ile ya kidonge, ina kama miliampea-saa 220. Gawa kwa 8, masaa 27. Ukitengeneza bodi yako mwenyewe yenye chipu kama nRF52 ukaifikisha mikroampea 10 kwa wastani, hesabu ileile inakupa masaa 22,000, zaidi ya miaka miwili. Tofauti yote iko hapo, na sehemu kubwa ya hiyo wastani unaiamua wewe kwa kuchagua kifaa kijitangaze kila baada ya muda gani, inaruhusiwa kuanzia milisekunde 20 hadi sekunde 10.24. Joto la banda halibadiliki mara 50 kwa sekunde, kwa nini unalitangaza hivyo?

Tukiwa kwenye hizo betri za vidonge kuna jambo ningeomba kila mtu alichukulie kwa uzito. Mtoto akiimeza ikakwama kooni inachoma nyama, madhara makubwa yanaweza kuanza ndani ya masaa mawili, na mzazi anaweza asijue maana mwanzoni ni kama mafua au kukosa hamu ya kula. Kifuniko cha betri kiwe na skrubu. Nimekuwa nikirudisha vifaa vyenye kifuniko cha kusukuma kwa kidole na watengenezaji wananuna, wanasema kuongeza skrubu kunaongeza gharama. Nitaendelea kurudisha.

Antena inaharibiwa na kasha. Ile michirizi ya shaba iliyojikunja mwishoni mwa moduli ndiyo antena, na hapo juu na chini yake hapatakiwi shaba nyingine, betri, skrubu wala stika ya rangi ya fedha. Mwaka jana nilipokea kifaa kilichokuwa kinafika mita 20 kwenye meza ya mwenyewe na kwenye kasha lake kikawa hakifiki mita 2, kasha lilikuwa plastiki, kila kitu sawa, mpaka tulipobandua ile stika nzuri ya jina la kampuni iliyokuwa na karatasi ya aluminiamu. Mita zikarudi.

Sasa upande wa simu. Jaribu kwenye Tecno na Infinix za zamani ambazo wateja wako wanazo kweli, usijaribu kwenye simu yako tu. Android kuanzia ya 6 hadi ya 11 inataka ruhusa ya mahali ndo iweze kutafuta vifaa, mtumiaji akikataa haoni kitu na anakwambia kifaa kibovu. Kuanzia Android 12 kuna ruhusa yake ya vifaa vya karibu. iPhone haikupi anwani halisi ya kifaa, kwa hiyo programu iliyoandikwa itambue kifaa kwa anwani inafanya kazi Android na kufa iPhone. Laptop za zamani nyingi Bluetooth yake haijui hii ya nguvu ndogo kabisa. Na tafadhali acheni kunakili mfano wa mapigo ya moyo, 180D, ile namba inayoiambia simu kifaa kinapima nini, mkaweka joto la kuku ndani yake, simu inaamini unapima moyo. Kuna namba ya mazingira, 181A, na joto linaandikwa kwa vipande vya mia, 37.5 inakuwa 3750. Kama unataka kitu chako cha peke yako tengeneza namba ndefu ya biti 128, ni bure na huombi mtu.

Halafu "moduli ina cheti tayari". Hii naisikia kila wiki. Cheti cha moduli kinakusaidia, kinapunguza vipimo, lakini sio cheti cha bidhaa yako. Ukibadilisha antena tu hata hicho kimeondoka. Na kuna moduli za bei poa zimechongwa namba ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ambayo ukiitafuta kwenye orodha yao ya wazi mtandaoni unakuta ni ya kifaa kingine. Itafute kabla hujanunua boksi zima, inachukua dakika. Na jina na alama ya Bluetooth vina wenyewe, lile shirika lililoanzishwa 1998 na Ericsson, Intel, Nokia, Toshiba na IBM, uanachama wa ngazi ya kwanza ni bure lakini bidhaa yenyewe lazima uisajili kwao hata kama umetumia moduli iliyopita, na ada ipo, iweke kwenye bajeti.

Karatasi tunazoomba sisi ni fomu, ripoti za vipimo vya redio, vya mwingiliano wa sumaku-umeme na vya usalama kutoka maabara yenye ithibati ya ISO 17025 (kiwango cha kimataifa cha maabara za vipimo), mchoro wa saketi, picha za nje na za ndani ambazo chipu inasomeka, mwongozo wa mtumiaji, na mfano wa stika. Sababu kubwa ya kurudishwa ni ndogo mpaka inauma: jina la modeli. Kwenye fomu umeandika KT1, kwenye ripoti KT-1, kwenye stika KT-1 V2. Kwetu hivyo ni vifaa vitatu. Chagua moja, hadi nukta na kistari, liandike lilelile kote, na ukibadilisha chipu au antena baadaye badilisha na jina uje upya. Anayeagiza mzigo tayari kutoka nje bila kibali anajua kinachofuata au atajua, mzigo unazuiwa, gharama za kuhifadhi zinahesabiwa kila siku, na mwisho unaweza kutakiwa uurudishe ulikotoka au uteketezwe kwa gharama zako, hiyo ni mbali na kwamba ni kosa kisheria na unaweza kufikishwa mahakamani. Kibali cha hapa pia hakivuki Namanga, Kenya unaomba kwa mamlaka yao.

Mkija kabla ya Nanenane leteni vifaa viwili. Kimoja kizima kwenye kasha lake kama mteja atakavyokipokea, stika imebandikwa, betri ndani. Cha pili kikiwa wazi, antena imeondolewa na mahali pake pamelehemiwa kiunganishi cha kebo, na kimewekewa programu ya majaribio inayokiacha kirushe mfululizo kwenye chaneli tutakayochagua, ya chini kabisa 2402, ya katikati, na ya juu 2480, kwa sababu kifaa kinachorusha mara moja kila sekunde 10 siwezi kukipima, nitakaa nakisubiri tu. Hii ya pili ndiyo kila mtu anasahau, halafu anarudi Mbeya na basi la usiku kuifuata.