"Alicheza, mpira anaujua": kosa linalorudiwa kila timu ya taifa inapotafuta kocha

Kiti cha kocha wa timu ya taifa kikibaki wazi tu, maneno ni yale yale: "Mpeni yule, alikuwa nyota, mpira anaujua." Hapana! Kuucheza ni kazi moja, kuufundisha ni nyingine.

Beki kijana anapokea mpira akiwa ameupa lango la wapinzani mgongo, anaporwa. Nyota aliye kwenye benchi anapaza sauti: "Angalia!" Kijana hajui aangalie nini, wala lini. Kocha aliyesomea kazi yake humpa hatua: geuza shingo mpira unapotoka mguuni mwa mpigaji, geuza tena ukiwa njiani, fungua mwili, upokee kwa mguu ulio mbali na mpinzani. Kisha hupunguza uwanja, humwekea mtu mmoja wa kumkaba, wanarudia. Nyota aliyafanya hayo bila kufikiri, ndiyo maana kuyaeleza kunamshinda.

Wabishi hutaja Zagallo wa Brazil, Beckenbauer wa Ujerumani Magharibi na Deschamps wa Ufaransa, waliotwaa Kombe la Dunia wakiwa wachezaji, kisha makocha. Ndio hao watatu tu! Tena Deschamps, kabla ya kukabidhiwa Ufaransa mwaka 2012, alikuwa ameifikisha klabu ya Monaco fainali ya Ligi ya Mabingwa 2004 na kutwaa ubingwa wa Ufaransa na Marseille 2010. Maradona aliingia na uzoefu mdogo wa ukocha; mwaka 2010 Argentina yake ilipigwa 4-0 na Ujerumani robo fainali. Parreira, kocha aliyetwaa ubingwa wa dunia na Brazil 1994, hakuwahi kucheza soka la kulipwa.

"Kocha wa taifa hana kazi, mechi ni chache." Uchache huo ndio ugumu wenyewe. Dirisha la kawaida la FIFA, yaani muda ambao klabu huwaachia wachezaji waende timu za taifa, ni siku 9, mechi 2. Wachezaji wengine wamechezea klabu zao Jumapili, wanafika kambini wamechoka. Mazoezi kamili kabla ya mechi ya kwanza ni mawili, pengine matatu. Hapo usifundishe mfumo mpya. Chagua wanaoelewana tayari, panga kona na faulo.

"Aliyeikosesha nchi kombe asipewe timu." Aliou Cissé, nahodha wa Senegal, alikosa penalti fainali ya Afrika 2002 dhidi ya Kameruni. Kwenye ukocha alianza na vijana chini ya miaka 23, akapewa wakubwa 2015, akapoteza fainali ya 2019. Februari 2022 aliifunga Misri kwa penalti, Senegal ikatwaa kombe lake la kwanza.