Seli shina si yai

Nimeisikia tena juzi: "Nzi wa matunda wakipandana, mbegu za dume huzidisha seli shina, yaani mayai, za jike." Aliyeisema ni msomaji mzuri, na habari aliyokuwa akiieleza ni ya kweli. Kilichoharibika ni maneno.

Seli shina ni seli ambayo bado haijashika kazi maalumu, na ikigawanyika inaweza kubakiza nakala yake huku seli nyingine ikienda kuwa kitu kingine. Basi, ni hivyo tu.

Neno lenyewe linatusaidia tukilisikiliza. Shina ni sehemu ya mti iliyo karibu na ardhi; matawi hutoka kwake, tawi likikatwa shina hubaki na kuchipua tena. Mjerumani Ernst Haeckel alipoandika Stammzelle mwaka 1868, hakuwa akiwaza hivyo. Alikuwa akichora miti ya nasaba ya viumbe, na seli hiyo ya shina kwake ilikuwa kiumbe wa kale wa seli moja, babu wa wote. Miaka michache baadaye akalitumia neno hilohilo kwa yai lililorutubishwa. Kwa hiyo kuchanganya shina na yai ni jambo la zamani, na lilianza kwa mwenye neno mwenyewe. Lakini sayansi ilikwisha kuhama hapo. Leo kinachoifanya seli iitwe shina ni kule kubaki.

Mtazame nzi jike. Ana ovari mbili, na kila moja ni fungu la mirija midogo, mara nyingi 16 hadi 20. Kwenye ncha ya kila mrija mna seli shina mbili au tatu, zimeshikamana na seli jirani zinazozitumia ishara ya kuzizuia zisikomae. Seli binti inayoachana na jirani hao hugawanyika mara nne, zikapatikana seli 16. Kati ya hizo ni moja tu itakayokuwa yai. 15 zilizobaki kazi yake ni kulilisha. Kutoka shina hadi yai ni safari ya siku kadhaa, na mwenye shina hana yai bado.

Sasa kupandana. Ni kweli kwamba jike akishapandwa seli shina zake huongezeka, lakini anayezichochea si mbegu. Kiswahili chetu cha kila siku huita kila kitokacho kwa dume "mbegu", na hapo ndipo tunapopotea. Katika majimaji yanayobeba mbegu mna peptidi ya jinsia, mnyororo mfupi wa asidi amino 36, inayotengenezwa na tezi za dume. Dume aliyekosa peptidi hiyo hupanda kama wengine, ila seli shina za jike haziongezeki. Neva za jike ndizo zinazoipokea, kisha ovari hutengeneza homoni ya ekidisoni, inayohitajika ili seli shina ziongezeke. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, walionyesha kwamba hata utumbo umo: baada ya kupandana seli zake hutoa homoni inayofika kwa wale majirani wa seli shina na kuikuza ishara yao. Nani angefikiri kuutafuta utumbo katika habari ya uzazi!

Nakiri kwamba sehemu ya peptidi hiyo hujishika kwenye mikia ya mbegu na kuachiliwa polepole kwa siku nyingi. Hata hapo mbegu ni mchukuzi tu. Ujumbe si wake.

Sentensi ya msomaji wangu haihitaji kuandikwa upya. Palipo na "mbegu" aweke "majimaji", na yale maneno mawili, "yaani mayai", ayaondoe.