Tope la majitaka, magunzi na kijiko cha makaa

Kazi yangu ni kugeuza tope la majitaka kuwa mafuta na gesi kwa maikrowevu. Nikiitaja, watu hukunja pua kwanza, kisha huuliza: kama maikrowevu inapasha wali kwa dakika mbili, si mtie tope bichi humo moja kwa moja litoke mafuta?

Hesabu ndiyo inayokataa. Tope lililotoka kwenye mashine ya kukamua linashikika kama udongo wa mfinyanzi, lakini bado lina maji asilimia 80 hivi. Tani moja ina kilo 800 za maji. Kilo moja ya maji yaliyokwisha kuchemka inataka megajuli 2.26 ili igeuke mvuke. Zidisha, kisha gawa kwa 3.6 (megajuli za yuniti moja), unapata yuniti 500 za umeme, na hapo sijahesabu kuyafikisha kwenye kuchemka. Maikrowevu ya jikoni hugeuza kama theluthi mbili tu ya umeme wake kuwa mawimbi, kwa hiyo mita ya LUKU itakula yuniti 750. Na zile kilo 200 kavu zilizobaki? Tuseme kila kilo ina megajuli 12: jumla ni joto la yuniti 670 hivi. Umekula hasara kabla kazi yenyewe haijaanza.

Ndiyo maana kukausha tunaliachia jua, tope likitandazwa kwenye vitanda vya mchanga. Masika yakiingia ni balaa, lakini jua halitozi.

Sasa kuna kituko. Mara ya kwanza nilisaga tope kavu, nikalitia kwenye chupa ya kioo kinachostahimili moto, nikapitisha nitrojeni kufukuza hewa ili lisiungue, nikawasha. Mvuke kidogo, kisha kimya. Joto liligota karibu nyuzi 200. Nikadhani mashine imekufa. Kumbe mawimbi yalikuwa yanapita tu. Molekuli ya maji ina ncha chanya na ncha hasi, kwa hiyo hugeuka-geuka kufuata wimbi na kupata joto. Maji yakiisha, tope halina cha kulishika wimbi. Watafiti wa taasisi ya INCAR, Oviedo, Hispania, walilionyesha hilo mwaka 2002: tope peke yake lilikauka tu, lakini walipochanganya makaa kidogo, joto lilipanda hadi nyuzi 900 hivi. Ndani ya makaa kuna elektroni zinazoweza kukimbia, na mbio hizo ndizo moto wenyewe.

Nikaongeza kijiko cha unga wa makaa. Cheche zikaanza kuruka ndani ya chupa, kisha moshi mzito wa manjano ukaelekea kwenye mtego wa barafu, ukadondoka kama lami nyepesi. Harufu ni ya nywele zilizoungua. Nywele hasa, kwa sababu tope lina protini nyingi, na protini ina nitrojeni.

Nitrojeni hiyo huingia kwenye mafuta na kuyaharibia sifa. Hapo ndipo mabaki ya shamba yanaposaidia: yanaipunguza nguvu, na yenyewe yakishageuka makaa humo ndani yanashika mawimbi. Mimi nachagua magunzi ya mahindi. Pumba za mpunga zipo kila mahali, lakini karibu asilimia 20 yake ni majivu, hasa silika, na tope lenyewe limeshajaa majivu.

Hata hivyo mafuta haya si ya kumimina kwenye tangi la gari. Yana asidi na oksijeni nyingi. Ninachokithamini zaidi ni gesi, yenye hidrojeni na monoksidi ya kaboni: ichomwe hapohapo ikaushe tope linalofuata. (Gesi hiyo inaua, kwa hiyo usijaribu jikoni kwako.) Makaa yanayobaki huhifadhi metali nzito nyingi, kama zinki na risasi, kwa hiyo siyapeleki shambani bila kupimwa. Ila kila jioni nachota vijiko viwili, naviweka kwenye kopo. Ni kama mtindi: bila kubakiza kidogo cha leo, kesho hakigandi kitu.